Juan de Pareja, mtumwa aliyesaga rangi za ngozi

Safari hii tunawaletea maisha ya mtu wa zamani sana, Juan de Pareja, mchoraji wa inchi ya Hispania, aliyekufa mwaka 1670. Tumemchagua juu ya sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa mtu mweusi, mtumwa, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kusaga mawe. Wasomaji wetu wengi ni watu wa mgodi na jamaa zao, hakuna haja ya kuwaeleza kusaga mawe ni nini. Ya pili, uso wake uko katika tablo moja ambayo mafundi wa kazi hiyo wanaihesabu kati ya zile chache duniani ambamo ngozi ya mtu inaonekana kuwa ngozi kweli, si rangi iliyopakwa juu ya kitambaa.

Jambo hili la ngozi si dogo. Nani kati yetu hajatoka kwa mpiga picha na kitambulisho ambamo uso wake umekuwa kipande cha makaa, paka macho na meno njo vinaonekana? Mama anatoa picha ya harusi kwenye kabati, wageni wanauliza bibi-arusi ni yupi. Na sisi tunajua vizuri kwamba ngozi nyeusi si rangi moja. Kuna maji ya kunde, kuna ile ya udongo mwekundu nyuma ya mvua, kuna ile inayong'aa kama shaba iliyosuguliwa, na katika uso wa mtu mmoja paji halina rangi ya shavu, shavu halina rangi ya shingo. Mchoraji anayetaka kuweka uso wa namna hiyo juu ya kitambaa iko na shida ileile, na yeye hana mashine ya kumsaidia. Anazo rangi chache na macho yake.

Pareja alizaliwa Antequera, mji wa kusini mwa Hispania, katika miaka ya kwanza ya karne ya 17. Nyakati zile watumwa walikuwa wengi upande huo. Wengine waliletwa na merikebu za Wareno kutoka pwani ya Afrika ya magharibi, hata kutoka Kongo na Angola. Wengine walikamatwa katika vita na Waislamu wa Afrika ya kaskazini. Wengine walizaliwa humohumo Hispania, maana mtoto wa mama mtumwa alikuwa mtumwa. Sevilla, mji mkubwa wa upande ule, ulikuwa pamoja na Lisboa kati ya miji ya Ulaya iliyokuwa na watumwa wengi kupita ingine. Mabwana wakubwa walikuwa nao, mapadri walikuwa nao, hata mafundi wa kazi ya mkono. Mchoraji alinunua mtumwa sawa vile alivyonunua jiwe la kusagia.

Bwana wa Pareja alikuwa Diego Velázquez, na hapa inafaa tuseme neno juu ya huyu bwana, maana bila yeye habari haieleweki. Velázquez alizaliwa Sevilla mwaka 1599. Angali mtoto aliwekwa kwa fundi Francisco Pacheco kujifunza kuchora, na alipomaliza alioa binti ya fundi wake. Pacheco aliandika kitabu kikubwa juu ya kazi ya rangi, na ndani yake anaeleza namna kijana huyu alivyojifunza nyuso. Alimpata kijana mmoja wa shamba, akamlipa ili awe mfano wake. Leo anamwambia alie, kesho anamwambia acheke, na kila mara anachora kwa makaa na chokaa nyeupe juu ya karatasi ya buluu. Alifanya hivyo mara mingi hata akawa na mkono wa hakika kwa kupata sura ya mtu. Hakukuwa na siri ingine: uso mmoja mbele yake, na kurudilia, na kurudilia tena.

Katika miaka ile ya ujana, akiwa na miaka kama 18 ao 20, alichora pia mwanamke mweusi wa jikoni, ameinama juu ya meza yenye vyungu na vitunguu saumu, mwanga unamgusa upande mmoja wa uso. Kwa hiyo ngozi nyeusi haikuwa ngeni kwa macho yake. Mwaka 1623 mfalme Felipe wa Nne alimwita Madrid, akamfanya mchoraji wa nyumba ya kifalme, na tangu hapo kazi yake kubwa ilikuwa nyuso: uso wa mfalme, malkia, watoto wao, mawaziri, hata vibete waliokuwa wakichekesha watu wa jumba.

Katika nyumba ya mtu huyo njo Pareja alikuwa mtumwa. Aliyeandika maisha yake kwa urefu ni Antonio Palomino, mchoraji mwenyewe, katika kitabu kilichotoka mwaka 1724, zaidi ya miaka 50 nyuma ya kifo cha Pareja. Palomino anasema kwamba Velázquez hakumruhusu hata siku moja kushika burashi ao ubao wa rangi, juu ya heshima ya kazi ile. Watu wa siku zile walipenda kusema kwamba Wagiriki wa zamani waliwakataza watumwa kuchora, na kwamba kuchora ni kazi ya mtu huru. Basi Pareja alipewa kazi ya kusaga rangi na kutengeneza vitambaa, pamoja na mambo mengine ya karakana na ya nyumba.

Tukae kidogo kwenye kazi hiyo ya kusaga, maana tunaona wengi wanaoandika juu ya Pareja wanaipita mbiombio, kama vile ilikuwa kazi ya mjinga.

Siku zile rangi haikununuliwa ndani ya kopo. Ilifika kama jiwe, ao udongo, ao unga mzito, na mtu aliiweka juu ya jiwe pana na laini, akaimwangia mafuta ya kitani ao ya jozi, akaisaga kwa jiwe lingine la mkono, akizungusha saa na saa mpaka ikawa laini kama siagi. Nyekundu kali ilitoka kwa jiwe la zebaki. Hispania yenyewe ilikuwa na mgodi mkubwa wa jiwe hilo, Almadén, ambamo wafungwa na watumwa walipelekwa kuchimba, na moshi wa zebaki uliwaharibu mikono ikatetemeka, meno yakang'oka. Nyeupe ilitengenezwa na risasi iliyofungiwa pamoja na siki mpaka ikaota ukungu mweupe. Ule unga ni sumu, na msagaji aliuvuta puani kila siku. Njano na nyekundu ya upole zilikuwa udongo wenye kutu ya chuma. Nyeusi ilikuwa mifupa iliyochomwa. Buluu moja ilikuwa jiwe la shaba, ndugu ya lile jiwe la kijani tunalolijua hapa kwetu kwa jina la malakite, linalouzwa kwa watalii likiwa limechongwa. Buluu ingine ilikuwa kioo kilichoyeyushwa pamoja na kobalti, kisha kikapondwa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo msagaji anajua na bwana wake mara mingi analiacha kwake. Kila jiwe liko na kipimo chake. Ile nyekundu ya zebaki inataka kusagwa sana njo inatoa nguvu yake. Lakini buluu ya shaba ukiisaga kupita kiasi inakufa, inageuka kuwa kama majivu ya angani. Inataka iachwe na chembechembe. Ile ya kobalti vilevile. Mafuta yakizidi, nyeupe inageuka manjano nyuma ya miaka. Yakipunguka, rangi inapasuka. Wale wetu wanaofanya kazi kwenye mitambo ya kusaga mawe wanajua habari hiyo: si kila jiwe linasagwa sawasawa, na anayekosea kipimo anapoteza mali ya wote. Pareja alifanya kazi hiyo kwa miaka na miaka. Kila shavu la mfalme, kila mkono wa malkia ulipita kwanza chini ya mkono wake, ukiwa bado mawe na mafuta.

Na alikuwa akiona. Huwezi kumkataza mtu anayeleta rangi asione namna zinavyochanganywa. Aliona kwamba uso wa mzungu haufanywi na nyeupe na nyekundu tu kama ngozi ya mtoto wa sanamu. Ndani yake kuna udongo wa njano, kuna kijivu penye kivuli cha ndevu, kuna buluu kidogo sana chini ya jicho. Aliona bwana wake akitumia burashi zenye miti mirefu, akisimama mbali na kitambaa, akiweka doa hapa na doa pale. Ukisogea karibu huoni kitu ila madoa, ukirudi nyuma hatua tatu unaona mtu anapumua. Palomino anasema Pareja alijifunza kwa kujiiba, akichora usiku saa watu wanalala, bwana wake asijue. Tunaona inaweza kuwa kweli, na inaweza pia kuwa Palomino aliipamba. Lakini hili ni hakika: alikuwa mtu aliyejua kuandika. Jina lake linaonekana katika karatasi za Velázquez za miaka ya 1640, akitia sahihi kama shahidi. Hakuwa mtu wa kufagia tu.

Mwanzo wa mwaka 1649 Velázquez alitumwa Italia na mfalme ili anunue sanamu na tablo za kupamba jumba la Madrid. Pareja alikwenda pamoja naye. Walipanda merikebu Málaga, wakashuka Genova, wakapita mji kwa mji mpaka Roma. Velázquez alikuwa mkubwa kwao Hispania, lakini Roma ilikuwa imejaa wachoraji wakubwa, na wengi hawakumjua. Tena alitaka kumchora Papa Inosenti wa Kumi. Papa hakuwa mtu wa kumkalisha kiti siku nyingi na kumwambia rudi kesho nimekosea pua. Ilimfaa afanye mazoezi kwanza, aweke mkono wake sawa kwa uso wa mtu aliye hai.

Alimweka Pareja mbele yake.

Tulifikiri sana juu ya saa hizo. Mtu ambaye kwa miaka alisimama nyuma ya ubao wa rangi, leo yuko mbele yake. Yeye mwenyewe alisaga rangi zile, ama sivyo nani? Na sasa anaona macho ya bwana wake yakipanda na kushuka, yakitafuta katika ubao rangi ya paji lake.

Tablo yenyewe si kubwa, karibu sentimita 81 kwa 70. Inaonyesha mtu kuanzia kichwa mpaka kiunoni, amegeuka upande kidogo, mkono wake wa kuume umepita mbele ya tumbo na kushika joho. Nywele nyingi zenye mawimbi, ndevu fupi, shingoni ukosi mpana mweupe wa kitambaa cha kusuka. Anamtazama yule anayemtazama. Hainamishi macho, wala hachekichekii. Asiyeambiwa hatajua kwamba mtu huyu alikuwa mali ya mtu mwingine.

Na ngozi? Hapa njo penye somo kwa kijana yeyote anayetaka kuchora nyuso za kwetu. Mchoraji asiyejua anachukua nyeusi, anaongeza nyeupe penye mwanga, na anapata rangi ya majivu, uso wa maiti. Velázquez hakufanya hivyo. Msingi wa uso ule ni udongo wa kahawia na nyekundu, rangi za moto. Penye vivuli, chini ya shavu na upande wa pua, aliacha rangi nyembamba sana, kama maji, ili ile rangi ya chini ya kitambaa ionekane na kufanya kivuli chenye kina. Penye mwanga, juu ya paji na mfupa wa shavu na ncha ya pua, njo aliweka rangi nzito, na mwanga ule una ubaridi kidogo, maana ngozi nyeusi inarudisha rangi ya anga kama vile chuma kilichopakwa mafuta. Kisha nguo: aliifanya ya kijivu yenye ukijani, na nyuma ya mtu vilevile kijivu cha kijani. Katikati ya baridi hiyo yote, uso unawaka. Ule ukosi mweupe nao unatupa mwanga chini ya kidevu. Rangi zote za tablo ile ni chache, unaweza kuzihesabu kwa vidole. Kila moja imewekwa fasi yake juu ya kusaidia ingine.

Palomino anaeleza kwamba Velázquez alimtuma Pareja mwenyewe azunguke na ile tablo kwa marafiki fulani wa Roma ili waseme maoni yao. Basi mlango unafunguliwa, na wenye nyumba wanaona watu wawili wenye uso mmoja, mmoja amemshika mwenzake. Wakashangaa wasijue waongee na yupi, na yupi atajibu. Habari hii inasimuliwa kama kichekesho, na ni tamu kweli. Lakini tukumbuke nani alikuwa anabeba.

Tarehe 19 Machi 1650, siku kuu ya Mtakatifu Yosefu, tablo ilitundikwa Pantheon, kanisa la mviringo la Roma, pamoja na tablo za wengine, za zamani na za wakati ule. Mchoraji mmoja wa Flandre, inchi ambayo leo imo ndani ya Ubelgiji, alikuwako, na njo yeye aliyemsimulia Palomino nyuma ya miaka: wachoraji wa kila taifa walikubaliana kwamba zile zingine zote ni kuchora tu, na hii peke yake ni ukweli. Nyuma yake Velázquez alimchora Papa, uso mwekundu juu ya nguo nyekundu, na tablo ile iko Roma mpaka leo, katika nyumba ya jamaa ya Papa yule.

Mwaka ule ule, tarehe 23 Novemba 1650, mbele ya notere wa Roma, Velázquez alitia sahihi karatasi ya kumpa Pareja uhuru, yeye na wazao wake. Karatasi hiyo ililala katika makabati ya Roma zaidi ya miaka 300, ikatangazwa mwaka 1983. Lakini kulikuwa na sharti. Pareja alipashwa kutumika tena miaka minne, bila kutoroka na bila kufanya kosa la sheria, kisha njo awe huru kabisa. Wasomaji wetu wazee waliotia kidole kwenye mikataba ya kazi ya zamani wataielewa karatasi ya namna hiyo bila maelezo. Pareja alirudi Madrid pamoja na bwana wake mwaka 1651, akamaliza miaka yake minne.

Palomino hakuiona karatasi ile. Yeye anasimulia mambo mengine kabisa. Anasema Pareja, nyuma ya kujifunza kwa siri, aliweka tablo yake moja katika karakana ikiwa imegeukia ukuta, maana alijua mfalme akiingia humo hapendi kuona kitambaa kilichogeuzwa bila kuuliza ni nini. Mfalme akaja, akaona, akaamuru kigeuzwe, akafurahia kazi. Hapo Pareja akaanguka kwa magoti, akaungama kwamba alijifunza bila ruhusa ya bwana wake, akaomba ulinzi. Mfalme akasema kwamba mtu mwenye ujuzi wa namna ile hawezi kuwa mtumwa, na Velázquez akamwachilia palepale. Hadithi hii imeandikwa tena na tena katika vitabu vya watoto. Ni nzuri, ila karatasi ya Roma inaipinga: uhuru ulitoka kwa notere, mbali na mfalme, tena wenye deni la miaka minne. Kwa maoni yetu, watu walipenda hadithi ya mfalme juu ya kuwa inafanya uhuru uonekane kama zawadi ya siku moja.

Nyuma ya hapo Pareja alikuwa mchoraji kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1658 alichora Yosefu na Maria wakikimbilia Misri pamoja na mtoto. Mwaka 1660 Velázquez alikufa. Na mwaka 1661 Pareja alifanya kazi yake kubwa kupita zote, wito wa Mtakatifu Matayo, kitambaa cha upana wa zaidi ya metre tatu. Matayo, mtoza ushuru, amekaa mezani penye pesa na vitu vya thamani, watu wamemzunguka wakiwa wamevaa nguo za kitajiri, na Yesu anaingia kumwita.

Mwishoni kabisa upande wa kushoto amesimama mtu mmoja ambaye hahesabu pesa wala hamtazami Yesu. Anatutazama sisi. Mkononi ameshika karatasi, na juu yake kumeandikwa jina la Juan de Pareja na mwaka. Njo yeye mwenyewe, amejichora.

Sasa linganisheni. Katika tablo ya Velázquez ngozi ni ya kahawia yenye moto, kama tulivyosema. Katika tablo ya Pareja, mtu yuleyule ana ngozi nyeupe zaidi, na pua iliyonyooka kidogo. Wenye elimu wamebishana sana juu ya jambo hilo. Kuna wanaosema alijionea haya rangi yake, akataka kufanana na Wahispania waliomzunguka. Wengine wanasema alitaka tu kujionyesha kama Mkristo na bwana wa kazi, na katika Hispania ya siku zile hakuna aliyeamini mchoraji wa heshima anaweza kuwa na sura ingine.

Sisi tunasema jambo moja ambalo haliangaliwi sana. Mtu aliyesaga rangi kwa miaka mingi namna ile hakosei rangi ya shavu lake. Alijua ni udongo gani, mafuta kiasi gani, nyekundu kiasi gani. Alikuwa ameona kwa macho yake, kule Roma, namna ngozi yake inavyotengenezwa, hatua kwa hatua, na mkono wa fundi mkubwa kupita wote wa wakati wake. Akitaka kuirudilia, vifaa alikuwa navyo. Kwa hiyo ile rangi aliyoiweka aliichagua. Bei aliyolipa juu ya kuichagua ni yeye aliyeijua. Na tukumbuke kwamba hata Palomino, aliyemsifu, alipoanza kusimulia maisha yake alianza kwa kusema kwamba ngozi yake ilikuwa ya rangi ya ajabu. Mtu aliyetajwa hivyo maisha yake yote, siku anaposhika mwenyewe ubao wa rangi, tusiwe wepesi wa kumhukumu.

Tena alikuwa hafuati nyayo za bwana wake. Rangi zake ni nyingi, za furaha, buluu na nyekundu zimejaa, watu wamejazana, nguo zinang'aa. Yule aliyemtumikia mtu wa kijivu na madoa machache, alipopata uhuru alifungua makopo yote. Picha ya mwenye kuchora majumba, José Ratés, ambayo iko Valencia, inaonyesha kwamba aliweza pia kuchora uso wa mtu mmoja kwa utulivu, na kwa ufundi ambao zamani ulifanya watu waidhanie kuwa kazi ya wengine.

Alikufa Madrid mwaka 1670, akiwa mtu huru tangu miaka 16.

Nyuma ya kifo chake jina lilizama. Tablo yake ya Matayo ilikaa katika makusanyo ya kifalme, ikaingia makumbusho ya Prado, watu wakaipita. Mwaka 1926 mtu mmoja mweusi wa New York, Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico, mpenda vitabu aliyekusanya maelfu ya karatasi juu ya historia ya watu weusi, alivuka bahari akaenda Hispania kutafuta habari za Pareja. Alitaka kuiona tablo ya Matayo kwa macho yake, na aliiona.

Ile tablo ya Roma ilikuwa na safari ndefu. Ilipita Napoli, ikanunuliwa na mabwana Waingereza, ikakaa katika nyumba yao moja ya shamba zaidi ya miaka 150. Tarehe 27 Novemba 1970 iliuzwa London kwa mnada, pound 2.310.000. Mbele ya siku ile hakuna tablo iliyowahi kupita pound milioni moja katika mnada. Karatasi ya mwaka 1650 iliachilia mtu bure. Kitambaa chenye uso wake kilikuwa sasa cha bei kupita vyote. Ilinunuliwa na makumbusho ya Metropolitan ya New York. Mafundi waliifuta vanishi ya zamani iliyokuwa imegeuka manjano, na ile kijivu ya kijani ikarudi, na ngozi nayo ikarudi, yenye moto wake.

Mwaka 2023 makumbusho hayo yalifanya maonyesho juu ya Pareja peke yake, na Prado ikatuma tablo ya Matayo ivuke bahari. Kwa miezi michache nyuso zile mbili, ile iliyotoka mkono wa bwana na ile iliyotoka mkono wake, zilikuwa katika nyumba moja, na mtu aliweza kutoka kwa moja akaenda kwa ingine kwa miguu, akarudi, akaangalia tena.